Kiti cha Ordinatere

Mdogo wangu Valère alirudi Kalemie mwaka 1986 na diploma ya kuangalia watu wakifanya kazi. Simsingizii. Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza siku ya kwanza, bukari, ugali wetu, ikiwa mezani.

Alisema huko Kinshasa, chuo kikuu, wanafunzi wa ordinatere, yaani kompyuta, husoma pamoja miaka mitatu ya kwanza, kisha hugawanyika. Wengine husomea kutengeneza mashine zikiharibika, na hao huchukuliwa na wale wanaoziuza. Wengine husomea kuandika programu, na hao hukimbilia benki. Yeye alichagua uchambuzi.

"Mimi ni analiste," alisema. "Ninaenda penye bantu banatumika, ninaangalia kazi yabo inapita wapi na wapi, kisha ninaipanga upya, mashine ipate kuifanya."

"Unaangalia tu?" Mama aliuliza. "Na banakulipa?"

Tulicheka mpaka Mama akajifuta machozi kwa kitenge, na mimi nilicheka kuliko wote. Minerval, yaani ada ya masomo yale yote, niliilipa mimi. Papa alipofariki niliacha sekondari katikati, nikaingia kiwanda cha magunia, chumba cha kadi, ili Valère asome. Mshahara huo ndio uliotulisha na Mama pia.

Tulikuwa wanawake sita. Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na kadi yake ngumu, na sisi tuliitoboa matundu yaliyosema ni nani na amefanya kazi siku ngapi. Mmoja anatoboa, mwenzake anarudia kadi ile ile. Vidole vyao visipokubaliana, mashine inagoma. Mwenzangu alikuwa Denise, msichana mpole wa Kongolo, aliyesoma kwa masista mpaka akamaliza sekondari. Kadi zikiwa tayari zilipakiwa kwenye treni kwenda Lubumbashi, kwenye mashine kubwa ya kupiga hesabu za mishahara, ambayo hatukuwahi kuiona.

Kiwanda kilipomwajiri Valère alete ordinatere hapa hapa Kalemie, sikuogopa. Ningeogopa nini? Tuliambiwa chumba cha kadi kitafungwa, na mbele ya ordinatere kutakuwa na kiti kimoja cha mtu wa kuingiza habari za wafanyakazi. Wenzangu, walioniita Yaya, yaani dada mkubwa, wakaanza kunisalimu kwa adabu ya ghafla, kana kwamba nimeolewa na mkurugenzi.

"Yaya Emerance, weye huna wasiwasi. Kiti njo chako."

Kwa mdomo nilikana kwamba kiti ndicho changu. Moyoni nilikuwa nimeshakikalia.

Valère akaja kukaa kando yangu, kalamu mkononi, abakosti yake, suti ile isiyovaliwa tai, ikiwa imenyooka vizuri kwa pasi yangu.

"Yaya, onyesha tena. Kadi ikikataliwa, munafanya nini?"

Nikamwonyesha. Nikamwonyesha namna ya kuwatenganisha wafanyakazi wawili wenye jina moja, na namna ya kuendelea umeme wa mtambo wa Bendera ukikatika katikati ya kazi. Sikumficha kitu. Nyumbani nilimpakulia kichwa cha samaki, sehemu aliyokuwa akila Papa, kwa sababu sasa kulikuwa tena na mwanamume nyumbani aliyejua aendako.

Tangazo lilibandikwa mlangoni siku ya Ijumaa. Kiti cha ordinatere kitapewa mwenye diploma ya serikali, yaani aliyemaliza sekondari na kufaulu mtihani wa nchi nzima. Kati yetu sote, aliyekuwa nayo ni Denise peke yake. Sisi wengine tulishukuriwa kwa utumishi wetu. Chini kulikuwa na sahihi ya mkurugenzi, na kando yake sahihi ya mdogo wangu. Mwandiko ule niliufundisha mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni.

Denise alilia. "Yaya, mimi sikuomba."

Nilijua hakuomba. Hata hivyo mkono uliniwasha kumpiga kofi.

Jioni Valère alikuja mezani kama kawaida. Sikumpakulia.

"Yaya, sikuandika jina ya muntu," alisema. "Niliandika sharti tu. Njo vile tulifundishwa. Analiste hachagui bantu."

"Na sharti ile, ulijua itaangukia nani?"

Akatazama sahani yake tupu. "Nilijua. Lakini ningekuweka weye, bangesema njo mambo ya familia. Bangenifukuza."

"Kwa hiyo ukanitoa mimi, upate kuonekana safi."

Mama alinyoosha kidole ukutani, kwenye fremu ya diploma ya chuo ambayo Valère aliitundika mwenyewe siku aliyofika.

"Unatafuta diploma ya Emerance," akamwambia. "Njo ile."

Valère alinyanyuka akaenda kulala bila kula. Mimi nilikula chakula chote, kwa hasira, na sikusikia ladha ya kitu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachochea makaa ya chai, kwa kuwa sikuwa tena na pa kwenda. Alitokea mlangoni, abakosti mkononi, imekunjamana. Alizoea tu kupigiwa pasi. Nilimchukia pale, mara ya kwanza tangu azaliwe, na nilijua pia kwamba kuanzia siku ile mshahara wake ndio uliobaki nyumbani mwetu.

Nikaichukua ile abakosti, nikajaza makaa kwenye pasi. Yeye akasimama kando, akiniangalia nikifanya kazi.