Nani Alisimama Mlangoni

Haya mjukuu wangu, sogea nikutegee, na usikimbilie kunipa mji. Huingia kanisani bila kukanyaga ngazi, wala si ndege. Nani huyo?

Ukisema upepo, umekosa. Ukisema popo, umekosa na umenichekesha. Ni binti yangu, kitindamimba wangu, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ilimuua miguu akiwa mdogo. Mikono ikabaki hai, tena hai kweli: alishona kwa cherehani ya mkono, na majoho yote ya kwaya yalipitia mapajani mwake.

Kanisa letu lina ngazi ndefu mbele. Aliyezijenga ni kaka yake, fundi mwashi, mwanangu wa kwanza. Basi kila Jumapili kaka mtu na wenzake watatu walikiinua kiti cha magurudumu juujuu, Chiriku amekaa, wakapanda naye huku makofi yakilia. Tuliwaita Wale Wanne, kama wale wa kwenye Injili waliombeba mgonjwa wakatoboa paa ili wamfikishe kwa Yesu. Mwanangu alilipenda jina hilo. Alitembea nalo kama mtu mwenye viatu vipya.

Ila kulikuwa na jambo ambalo wapiga makofi hawakulijua. Chiriku akishaingia, hatoki mpaka Wale Wanne wapatikane, na choo kiko nje, chini ya ngazi. Kwa hiyo siku ya ibada hakunywa maji. Siku ya mazoezi ya kwaya hakunywa. Siku ya kikao cha akina mama, vilevile. Nikimpa kikombe, anakisogeza pembeni.

"Mama, nikinywa, katikati ya mahubiri nitafanyaje? Nipunge mkono kama naita teksi?"

Tukacheka, mimi na yeye.

Jioni moja kwenye darasa la Biblia, mchungaji akasoma habari za yule mgonjwa na paa. Akawasifu Wale Wanne mpaka mwanangu akainamisha uso kwa haya. Chiriku akanyoosha mkono.

"Baba mchungaji, nina swali. Nani alisimama mlangoni?"

"Mlango gani, binti yangu?"

"Wa nyumba ile. Watu walijaa mpaka mlangoni, ndiyo maana paa likatobolewa. Waliobeba tunawasifu kila mwaka. Je, waliouziba mlango? Walikuwa wanasikiliza Neno, huku wamempa mgonjwa mgongo."

"Chiriku ameanza!" akasema mtu wa nyuma, na chumba kizima kikacheka.

"Na Yesu alipomponya hakusema mbebeni mrudi naye. Alimwambia aende kwake, mwenyewe. Mimi siombi miguu. Naomba mteremko wa saruji pale ubavuni, nipande nikitaka, nishuke nikitaka. Hata mzee wa fimbo ataupenda, hata mama mwenye mtoto mgongoni."

Mchungaji akatazama saa. "Wazo zuri. Lakini Mungu amekupa mabega ya ndugu zako. Tukijenga mteremko, hawa watapata wapi baraka?"

Aliyeumia zaidi ni kaka mtu. "Mabega yangu yamekukosea nini, dada? Nimewahi kukuangusha?"

"Hujawahi, kaka. Lakini swali langu hujalijibu. Nani alisimama mlangoni?"

"Hebu nyamaza," kaka mtu akamkata. "Tufunge kwa sala."

Tukafunga kwa sala.

Mvua zilipoanza, Chiriku akashikwa na homa iliyokataa kushuka. Hospitalini daktari alituambia mkojo unaozuiliwa kila mara ulileta maambukizi, yakapanda kwenye figo, sasa yako kwenye damu.

"Huyu alikuwa hanywi maji," akasema. "Kwa nini?"

Kaka mtu alikuwa kando yangu, kofia mkononi. Chiriku alijibu mwenyewe, kwa kile kisauti kilichobaki.

"Nilikuwa nakwenda kanisani."

Hakusema tena neno, yeye aliyetuchosha kwa maneno. Alfajiri nilimfumba macho kwa mkono wangu.

Mwanangu hakulia. Alipakia saruji, mchanga na kokoto kwenye mkokoteni, na mchana ule ule akaanza kumwaga mteremko ubavuni mwa kanisa, peke yake. Mchungaji alimtazama kutoka dirishani. Kisha akatoka, akakunja mikono ya shati, akashika koleo.

Kesho yake ndipo tulipozika. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya kazi ile. Mwanangu akachuchumaa, akabonyeza saruji kwa kidole gumba. Alama ikabaki. Ilikuwa mbichi bado, na saruji haina haraka hata ukiililia.

Basi jeneza likapanda ngazi zile zile, juu ya mabega yale yale. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Kule juu waombolezaji walikuwa wameujaza mlango, migongo kwetu, wakitafuta viti kwa macho.

"Pisheni jamani, pisheni!" akaita mchungaji.

Wakapisha. Lakini mwanangu alisimama pale kizingitini, hasogei.

"Tukupokee?" wenzake wakamuuliza.

Akatikisa kichwa. Akalaza shavu lake kwenye ubao wa jeneza, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nyuma niliisikia:

"Ni mimi, dada. Mlangoni nilisimama mimi."