Nyundo ya Casimir

Kiti kile nilikitaka mimi, sitamsingizia mtu. Bwana wangu Casimir alipostaafu reli, niliwaambia watoto: baba yenu ametembea kwa miguu miaka thelathini na mmoja, sasa akae. Wakaagiza kiti kipana kutoka Kigoma, chenye mito ya kitambaa chekundu. Kikavuka ziwa kwa boti, kikabebwa na vijana wanne mpaka barazani kwetu. Mtaa mzima ulikuja kukitazama, nami siku ile nilivimba kichwa.

Kazi ya Casimir ilikuwa kukagua njia ya treni. Kila asubuhi aliweka nyundo begani, akashika spana ndefu mkononi, akafuata mataruma kutoka stesheni ya Kalemie hadi kilomita ya sita, akigonga reli na kusikiliza. Reli nzima hulia vizuri. Yenye ufa hukohoa. Bolti iliyolegea aliikaza papo hapo. Alikuwa mwembamba kama spana yenyewe, na sikumbuki siku aliyolala kwa ugonjwa.

Kitini alipewa heshima zake zote. Maji nilimletea mimi, viatu nilimvua mimi. Akitaka kuinuka kufuata redio, nilimfokea: "Kaa, Papa! Batu batasema nini?" Bukari, ndio ugali wetu, nilimpakulia mlima, na chai nilimtilia sukari vijiko vinne. Kwetu baba aliyestaafu akionekana amebeba ndoo, aibu ni ya mke na watoto. Basi akakaa. Baada ya miaka miwili alikuwa akihema kwa kutoka kitini hadi mlangoni, na mimi nikawa najisifu kwamba bwana wangu amenawiri.

Kilichotuzindua ni kidole cha mguu. Casimir alificha kidonda wiki tatu ndani ya soksi, lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu alianza kuumbuliwa na harufu. Nikamburuta hadi kituo cha afya. Muuguzi, Mama Carmel, akampima: sukari iko juu, presha nayo iko juu. Alimpa vidonge, akamfunga kidonda miezi miwili mpaka kikapona, kisha akatuweka chini sote wawili.

"Papa, hii muguu imepona kwa bahati," akasema. "Kidonda ingine ikitoka na sukari iko juu hivi, mimi siahidi kintu. Dawa peke yake haitoshe. Mwili utembee. Nusu saa kila siku, na viatu vya kufunika vidole. Kisha miezi tatu nitakupima tena."

Casimir akavuta soksi juu ya kile kidole. Alikuwa akimfikiria Salomon, mwenzake wa kazi, ambaye mwaka jana alikatwa mguu chini ya goti kwa ugonjwa huohuo. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia.

"Mama Gracieuse, kufa siogope. Niko naogopa ile musumeno."

Kesho yake alivaa viatu vyake vya kazi, akatoka. Hakufika mbali. Kila mlango ulimwuliza, "Papa, uko unaenda wapi?" Naye, kwa kuwa hajui kudanganya, akajibu, "Niko natembea tu." Wapi kwetu mtu mzima anatembea tu? Kabla hajafika sokoni, jirani mmoja alikuwa tayari barazani kwangu, anauliza kwa nini nimemfukuza bwana wangu. Siku ya pili Kizito wa pikipiki alimwona, akasimama, akamshika mkono na kumpandisha nyuma yake. "Papa Casimir kwa miguu, na mimi niko? Apana!" Akamrudisha nyumbani, hakutaka hata asante. Siku ya tatu Kizito alikuwa anamngoja mlangoni.

Na mimi? Mimi nilimpa Kizito chai. Nikamwambia Casimir aache kunitia haya, akarudi kwenye mito yake myekundu. Mwezi mmoja kati ya ile mitatu ukapotea hivyo.

Asubuhi moja kiti kilikuwa kitupu. Nyuma ya mlango, ile nyundo aliyorudi nayo alipostaafu haikuwepo.

Mimi ni mtu wa hasira, nadhani mmekwisha kujua. Wazo la kwanza lilikuwa mwanamke. Lakini ni mwanamke gani huyo anayetongozwa kwa nyundo? Nikajifunga kitenge, nikatoka mbio. Nilimsikia kabla sijamwona: ting, kisha kimya, kisha ting. Alikuwa mbele ya stesheni, katikati ya reli, shati limelowa mgongoni. Anagonga, anainamisha kichwa, anasikiliza. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Wapita njia walimwinulia mkono kama kwa mkuu wa kazi: "Bonjour, chef!" Kizito huyohuyo alikuwa amesimamisha pikipiki penye kivuko ili mzee apite. Mtu mwenye nyundo yuko kazini, na mtu aliye kazini habebwi.

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha mtaa mzima. Niliyameza. Nilimwona anavuta hatua ishirini, anapumzika, anafuta jasho, anaanza tena, na mgongo ule niliokuwa nimeusahau umenyooka. Nasema wazi: nilimpenda upya palepale juu ya kokoto. Aliponiona, alinieleza kwamba mkuu wa stesheni amemruhusu, na kwamba treni zenyewe ni mbili kwa mwezi, siku zake anazijua.

Kwanza alikuwa akiishia kwenye daraja dogo. Halafu akafika kilomita ya kwanza, halafu ya pili. Mkanda ukaingia matundu mawili. Kuhema kukaisha, na usingizi wake ukawa wa mtoto mchanga.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu mtu akikonda, ama ana ugonjwa usiotajwa, ama ana mke mbaya. Habari zikafika Kabimba, na wifi yangu Denise, dada mkubwa wa Casimir, akapanda boti.

"Kaka yangu alikuwa munene, anapendeza," aliniambia hata kabla ya kutua mfuko. "Sasa anabakia mifupa! Na uko unamuacha afanye kazi ya bure, muzee muzima?"

Akaichukua nyundo, akaisukuma chini ya mto wa kile kiti, akatuambia mchezo umekwisha. Zilibaki siku kumi kabla ya kupimwa. Casimir hajawahi kubishana na dada yake tangu azaliwe. Aliinamisha kichwa, akasogea hadi kitini, akasimama mbele yake bila kukaa. Alikuwa anakitazama vile nilivyomwona siku moja akitazama suruali ya Salomon, ule upande uliokunjwa na kufungwa kwa pini.

Sikuweza kuvumilia tena.

"Tantine Denise, nitasema mbele yake. Aliyetaka kumuua kaka yako si ile nyundo. Njo mimi! Nilimukalisha pale miaka mbili, nikamulisha kama ngurube ya Noeli, nikaiita heshima. Ukiwa unamupenda, umurudishie nyundo yake!"

Nadhani sokoni walinisikia. Miaka yote hasira yangu imevunja sahani tu. Siku ile ilifaa kitu. Denise alinitazama, akamtazama kaka yake aliyekuwa bado amesimama. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa nyundo, akanipa mimi. Nikampa Casimir kwa mikono miwili.

Siku ya kupimwa, Mama Carmel alimchoma kidole, akatazama mashine, akamchoma kidole kingine. Namba ilikuwa ileile: sukari imeshuka. Presha nayo imeshuka.

"Dawa hauache, Papa, na kutembea hauache," akasema. "Hii ugonjwa haiishe. Lakini sasa njo wewe unaiongoza."

Akamkagua miguu, kidole kwa kidole. Hakukuwa na kidonda hata kimoja. Casimir aliitazama miguu yake miwili juu ya taulo, akainama kufunga viatu, na kufunga kamba kukamchukua muda mrefu sana. Nilimwachia muda huo, maana niliona machozi yakidondokea kwenye ngozi ya kiatu.

"Na wewe, Mama?" Mama Carmel akaniuliza. Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu. Akanifunga mkanda wa kupimia presha mkononi, ukajaa upepo, akasoma, na hakutabasamu.

Kesho yake alfajiri Casimir alisimama mlangoni, nyundo begani. Alininyooshea ile spana ndefu.

"Mama Gracieuse, bolti za kilomita ya pili zimelegea. Peke yangu siweze."

Uongo mtupu, wiki nzima alikuwa akizikaza. Bwana wangu, asiyejua kudanganya. Nikaipokea spana, nikavaa viatu vya kufunika vidole.

Penye kivuko Kizito alitusimamia, akapangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa shati. "Mama, panda basi, nikufikishe!"

Nikamwinulia spana. "Acha, mwanangu. Niko kazini."