Mkasi Uliotupa Sauti

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa kumi kasorobo alasiri, mwenyekiti alipoingia ukumbini na kinanda kipya cha umeme.

Chama chetu cha muziki hakikuzaliwa ukumbini. Kilizaliwa sebuleni kwangu, kati ya cherehani ya mke wangu na kabati la vyombo. Yeye fundi nguo, mimi fundi baiskeli. Hatukuwa na kifaa cha kupatanishia nyuzi za magitaa. Mke wangu akaufunga uzi mkasi wake mkubwa, akauning'iniza, akaugonga kwa kijiko. Tiing! Wote wakakaza nyuzi kufuata sauti ile. Miaka sita hivyohivyo.

Siku hiyo mwenyekiti akabonyeza kinanda, magitaa yakaitika kando kabisa. Akamgeukia mke wangu:

"Shemeji, kumbe miaka yote umetupigisha upogo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mwenzetu mmoja, seremala, aliyekunywa chai kwangu mpaka kikombe kikawa chake.

"Haya, nyuzi mtazikaza," mke wangu akamjibu. "Adabu je, mtaikazia wapi?"

Akautia mkasi kikapuni, hakukanyaga tena pale. Nikimbembeleza, ananijibu: "Nenda wewe, baba watoto. Mimi nina nguo za watu." Miezi minane baadaye nikamzika. Sisemi kicheko ndicho kilichomuua. Ila tangu siku ile sikumsikia tena akiimba kwenye cherehani.

Sasa wamechapa kitabu cha historia. Ukurasa wa kwanza: "Chama kilianzishwa na kamati." Kamati! Ilikuja mwaka wa nne, ikakuta viti vimeshapangwa.

Jana mwenyekiti kaja kwangu, meno yote nje.

"Kaka, tunaomba ule mkasi. Tuuweke kwenye kabati la kioo."

"Chini yake mtaandika nini?"

"Mkasi wa zamani wa chama."

"Na mwenyewe?"

"Kitabu kimeshachapwa, kaka. Tufanyeje?"

Nikautoa kikapuni, nikauning'iniza, nikaugonga. Ukalia vilevile. Akainamisha uso, maana jioni ile ya kwanza alikuwa amekaa mkekani kwangu, gitaa mapajani, mke wangu akimwambia, "Bado kidogo, kaza."

Nikamuuliza swali moja. Akachukua kofia yake akaondoka. Mkasi nimebaki nao, na swali naliandika hapa, kila mwanachama alisome: siku ile ya kwanza, kabla ya kinanda, ukumbi na kamati, sauti mlipewa na nani?