Picha Mama

Mkuu wa kituo cha darubini alikuwa na picha moja tu ya maana maishani, na hakuacha mtu aisahau. Aliipiga ujanani, miaka ishirini iliyopita: wingu la gesi angani, katikati yake nyota changa zinawaka. Akaitundika nyuma ya kiti chake, akaiita Picha Mama, akatoa amri: kila picha mpya ilinganishwe nayo, na chochote kisichofanana kifutwe kama uchafu wa lenzi. Kisha picha mbichi, ile ya kabla ya kusafishwa, itupwe, maana kompyuta zimejaa.

Jicho, fundi picha wa kituo, alimdharau kwa moyo mkunjufu. Mtu mzima, tai shingoni, anadhani mbingu zilisimama siku aliyobonyeza kitufe yeye!

Asubuhi moja, kabla hajafuta, aliikuza picha mpya. Ukingo wa wingu ulikuwa umerudi nyuma. Palipokuwa na gesi pamebaki pengo jembamba. Uchafu gani huu? Nyota changa, kwa mwanga na upepo wake mkali, zilikuwa zinalichimba wingu lililozizaa. Akakimbilia ofisini.

"Mkuu, wingu linasogea. Mwisho wa kutuma ripoti kwenye mkutano wa wanasayansi ni leo saa sita. Naomba saini yako."

Mkuu hata hakuinua kichwa. "Binti yangu, wingu lile nalijua tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Futa."

"Na nikikuletea picha za miaka yote, ujionee?"

"Lete. Nitasaini." Akacheka.

Jicho alishuka ngazi mbilimbili. Leo mzee huyu ataimeza tai yake! Akafungua picha ya mwaka jana: pengo limezibwa, safi kama Picha Mama. Ya mwaka juzi, hivyohivyo. Picha mbichi, hakuna hata moja. Mpumbavu gani huyu? Akavuta daftari la kazi. "Uchafu umeondolewa. Picha mbichi imetupwa." Pembeni, saini yenye mkia wa madaha, mwaka baada ya mwaka, miaka tisa.

Ilikuwa yake mwenyewe. Pengo lile alikuwa akiliona kila mwaka, akilifuta harakaharaka ili awahi chai.

Saa sita ikapita. Mkuu akachungulia mlangoni, mikono mfukoni.

"Vipi, picha ziko wapi?"

Jicho akamgeuzia daftari.

"Nilizitupa mimi," akasema.