Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Namba ya Mignonne ilipowaka juu ya dirisha la tatu la ofisi ya usajili chuoni, alikuwa amesimama kwenye foleni dakika hamsini, na bado alimwambia karani asante kabla hata hajaulizwa shida yake. Ndivyo alivyo huyu mama. Tasnifu yake ya udaktari ina kurasa nne nzima za shukrani, mpaka dereva wa basi yumo, na siku ya utetezi profesa wake alimtania kwamba amemsahau mbwa wa jirani tu.

"Ni kozi yangu ya Jumanne jioni," alisema, akapitisha orodha chini ya kioo. "Historia ya wanawake wa Marekani. Mlitaka wanafunzi kumi na watano. Nimewapata."

Karani aliitwa Delvigne, mwanamume mpole mwenye mafua. Alishuka na kalamu jina kwa jina, akafika la kumi na mbili, akasimama.

"Maman Josias," alisoma. "Maman Bienfait. Maman Kadiri. Maman Kabeya. Madame, haya ni majina gani?"

"Ni majina yao."

"Ndiyo yaliyoandikwa kwenye vitambulisho vyao?"

Mignonne akaitazama orodha upya. Kisha akacheka peke yake pale dirishani hadi watu wa nyuma wakamwangalia.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Miaka zaidi ya ishirini amesoma magazeti na madaftari ya zamani ya Marekani, na humo mwanamke aliyeolewa anaitwa kwa jina la mumewe: Bibi John fulani, Bibi William fulani. Dobi mweusi ndiyo kabisa, mara nyingi hana jina, anaandikwa "mfuaji" basi. Sura ya pili ya tasnifu yake inawasema vikali makarani wa Georgia kwa tabia hiyo. Sasa yeye mwenyewe, daktari wa historia, amezungusha karatasi uani mwa kanisa la mtaa wa Evere, wanawake wanne wameandika vile wanavyoitwa na kila mtu tangu walipozaa mtoto wa kwanza, na hakuona kasoro yoyote! Jamani, aibu iliyoje.

"Jina kamili, na nakala ya kitambulisho, mbele na nyuma," alisema Delvigne. "Kabla ya saa kumi jioni. Hapo mfumo unajifunga wenyewe. Wakiwa kumi na wanne, kozi inafutwa. Kanuni hiyo sikuitunga mimi."

"Najua, Monsieur. Asante sana."

Alitoka mbio. Kozi hiyo ndiyo peke yake iliyobaki. Mignonne alifika Brussels kutoka Bukavu akiwa na miaka kumi na tisa, akafagia ofisi za Etterbeek asubuhi na kusoma mchana, akapata udaktari akiwa na thelathini na minane, na tangu hapo anafundisha kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Zamani alikuwa na kozi tatu. Moja ilikatwa kwa sababu ya bajeti, ya pili akapewa mtu mwingine. Hii ya tatu ikifutwa, mkataba unakwisha nayo, na kadi ya kuingilia maktaba, na cheo. Atakuwa mama wa miaka hamsini na mmoja anayejua sana habari za madobi wa Atlanta, hana pa kuzisemea.

Na hao madobi ndio waliomletea wanafunzi wanne. Mwezi uliopita, baada ya misa, aliombwa aongee kidogo juu ya kazi yake. Akaeleza jinsi wafuaji weusi wa Atlanta walivyogoma mwaka 1881, walivyoanza watu ishirini hivi na baada ya wiki tatu wakawa kama elfu tatu. Nyuma walikuwa wamekaa wanawake wa kiwanda cha kufulia shuka za hospitali, Maman Kadiri akiwemo, Mwislamu wa Bujumbura aliyekuja kwa ajili ya chai na wenzake wa kazini. Aliposikia elfu tatu akasimama na kusema, "Donc batu ya sabuni banaweza kusimamisha muji muzima? Niandikeni mimi!"

Saa sita kamili Mignonne alikuwa nyuma ya kiwanda, mlango wa kuvutia sigara. Wanawake watatu walitoka na makofia ya nailoni kichwani, mikono imechubuka kwa dawa.

"Docta! Unakuya kutuangalia namna tunateseka?" aliita Maman Josias.

"Ninakuya kuwauliza majina."

"Majina gani tena? Tuliandika."

"Majina yenu. Ya kwenye carte."

Wakatazamana. Maman Bienfait akaziba mdomo kwa kiganja. "Ee Mungu. Bon, mi ni Claudine. Ni bakati gani muntu aliniita Claudine mara ya mwisho? Ni gynécologue, munganga ya banamuke!"

Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Maman Josias alikuwa Rolande. Maman Kadiri akasema lake polepole, "Rayhana," kisha akaongeza, "Ni bibi yangu alinipatia." Mignonne alifahamiana nao miaka tisa. Alikula kwenye harusi za watoto wao. Alijisikia vibaya kweli, akawaambia waziwazi: "Munisamehe. Nilipaswa kuwauliza zamani."

"Wacha, docta. Na sisi hatujui yako. Tunakuita docta tu."

Tatizo likawa nakala. Msimamizi wao, Abdallah, alikuwa anakula mkate wake karibu na pipa la taka, akasikia yote. Aliinuka, akanyoosha mkono, akasema kwa Kifaransa: "Leteni kadi haraka. Bosi anarudi saa sita na nusu." Aliingia nazo ndani, akarudi na karatasi zikiwa bado na joto la mashine, mbele na nyuma, zimebanwa vizuri. Mignonne alitaka kumkumbatia, akajizuia kwa kumshika mikono yote miwili.

"Maman Kabeya yuko wapi?" aliuliza.

Hapo kicheko kilikatika. Claudine akatazama viatu vyake. "Hayuko kazi, docta. Ni wiki tatu. Hakutaka tuseme."

Maman Kabeya alikaa orofa ya sita, umbali wa vituo vitatu vya basi. Alifungua mlango amejifunga kitenge, nyumba inanuka sabuni. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alipoelezwa alienda kabatini, akarudi na kadi yake, akaiweka mezani kifudifudi.

"Imekufa, docta. Tangu mwezi wa tatu. Nilienda commune, kwa ofisi ya serikali ya mutaa, mbele haijaisha, banipatia rendez-vous ya mwezi wa kumi na moja. Kwa kazi banasema bila carte hapana kazi. Donc niko hapa, nafua rideaux, mapazia ya batu."

"Kumbe! Na kila tukikutana kwa chai unasema uko muzuri."

"Ningesema nini?"

Mignonne alikaa. Saa nane na nusu. Akaomba barua ya miadi ya commune, akaona muhuri, tarehe, jina: Yolande Nsimire. "Vaa koti, maman. Tunaenda wote. Hii barua inaonyesha uko hapa, unangojea batu ya commune."

Walifika chuoni saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Delvigne alizipokea nakala tatu, akaingiza majina, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kumi na wawili. Kumi na watatu. Kumi na wanne. Vizuri sana, Madame." Kisha akaigeuza kadi ya Maman Kabeya mkononi.

"Hii imekwisha muda."

"Ndiyo, na barua ya commune ni hii. Anasubiri miadi. Kosa si lake."

"Naamini." Aliandika namba, akangoja, akaigeuza kompyuta ili waone wenyewe. Nafasi ya jina ilikuwa nyekundu. "Mfumo unasema mtu huyu hayupo."

"Amesimama mbele yako, Monsieur."

"Namwona. Lakini siwezi kumwingiza." Alipenga kamasi. Haikuonekana kwamba anafurahi. Wakakaa hivyo, watu watatu na kioo kimoja, hadi saa ya ukutani ilipofika kumi na ule mstari mwekundu ukageuka kijivu pamoja na ukurasa wote.

Maman Kabeya alianza kulia bila sauti. "Njo mimi nimeharibu kazi yako. Miaka yote ile."

"Hapana." Mignonne alimshika bega, na yeye machozi yakamtoka, akasema yaliyokuwa moyoni. "Hujaharibu kitu. Ulitaka kuja kunisikiliza wakati wewe mwenyewe hauna kazi. Miaka yote ile nilisoma juu ya banamuke kama weye, na hakuna hata mumoja aliyeweza kuniambia aksanti wala kunitukana. Nyinyi munne mulisimama na kusema tuandike. Naenda nyumbani na furaha, unasikia? Nina hasira, lakini furaha iko."

Delvigne alipitisha karatasi chini ya kioo. Ilikuwa hati ya kufunga kozi, mistari michache imechapwa tayari: mwalimu anakubali kwamba kozi imefutwa kwa kukosa wanafunzi. Nakala ya chuo huwekwa masandukuni, alieleza, miaka na miaka, hakuna aliyewahi kuitafuta.

"Watu kama mimi huzitafuta," alisema Mignonne.

Alitoa kalamu. Akaukata mstari wa sababu kwa rula, akaandika juu yake kwa herufi kubwa za kusomeka: "Wanafunzi walikuwa kumi na watano. Wa kumi na tano ni Yolande Nsimire, mfuaji, mkazi wa Evere. Leo saa kumi alikuwa amesimama mbele ya dirisha hili, na chuo kikaandika kwamba hayupo." Akatia sahihi, jina lake lote, na cheo chake ambacho kuanzia Jumatatu kisingekuwa na kazi.

Karani alisoma mara mbili. "Madame, hii haibadilishi chochote."

"Najua. Hati ikitiwa sahihi inapigwa muhuri, sivyo?"

Alifikiri. Kanuni ilikuwa hivyo. Akapiga muhuri.

Maman Kabeya alijifuta uso kwa ncha ya skafu, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akasoma jina lake kimyakimya, midomo ikitembea.

"Monsieur," alisema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Na mimi nataka kopi yangu."

Delvigne akamtazama, safari hii yeye mwenyewe, si kadi yake. Akainuka kwenye kiti, akaenda kumtolea nakala.