Kitanda cha Mfumi Kilichohamia Jikoni

Jumatatu asubuhi Birago alipotoka na ndoo kwenda kuchota maji, alikikuta kitanda cha mfumi cha baba yake, kile cha kufumia vitambaa, kimesimama mlangoni mwa jiko. Kilikuwa kimetoka kwenye banda la wafumaji, hatua mia mbili, kikiburuta jiwe linalovuta mtande, zile nyuzi ndefu za kitambaa. Jiwe lilichora mfereji mchangani, ulionyooka kutoka bandani hadi jikoni ila pale kilipokwepa kisima. Birago alikizunguka, akaenda kuchota maji.

Wafumaji wawili walikuja kukichukua.

"Kizito kama Mzee Amoako mwenyewe," mmoja alisema.

Jumanne kilirudi. Kufikia Ijumaa vijana wa bandani walikuwa wakigombana ni zamu ya nani kukibeba. Mwanamke mmoja aliyepita na beseni la ndizi kichwani aliwashauri wakifunge kamba. "Mbuzi wangu nilimfunga, akatulia." Walikifunga. Jumamosi kilifika na kamba yake na mti kiliofungiwa.

Mzee Amoako alijua sababu.

Katika kijiji hicho karibu na Kumasi wanaume ndio hufuma. Mwanamke akikalia kitanda cha mfumi, walisema, tumbo lake halitashika mtoto. Amoako mwenyewe alikuwa ameyasema hayo mara nyingi, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kisha vidole vyake vikaanza kutetemeka. Mwanawe wa kiume, Twum, alikuwa na mikono mizito. Uzi ulimkatikia kila baada ya shubiri. Binti yake Birago alikuwa akipanga mafungu ya nyuzi kwa rangi tangu utotoni, na hakuna aliyemfundisha. Basi Amoako alitangaza kwamba miguu haimfikishi tena bandani, akakihamishia kitanda kwenye ghala la zamani la kakao nyuma ya nyumba, jirani na jiko, akafunga mlango. Miaka mitatu Birago alifuma humo. Vitambaa vilitoka kwa jina la Twum.

Kila mfumaji huweka alama yake. Ya Birago ilikuwa uzi mmoja wa kijani ukingoni. Kila alasiri Amoako alichukua sindano akauchomoa, na kwa kuwa ni dhambi kutupa uzi mzuri, aliuviringisha akauweka chini ya kiti chake.

"Baba," Birago alimuuliza siku moja, "siku wakiuliza nani anafuma, utanitaja?"

"Nitakutaja. Kwani yuko mwingine wa kumtaja?"

"Mimi nataka kiti bandani tu. Hata kile cha nyuma."

"Utakipata, mwanangu."

Kitambaa kimoja kilivaliwa na chifu siku ya sikukuu. Baada ya hapo wazee walimpa Twum kiti cha mbele bandani, na kitanda kikabebwa kutoka ghalani kumfuata. Kilikaa huko siku mbili, kisha kikaanza kutembea.

Jumapili baada ya ibada wazee walituma habari kwamba wanakuja. Amoako alikwenda jikoni.

"Vaa viatu," alimwambia Birago.

"Jikoni, baba?"

"Vaa viatu, mwanangu."

Mfumaji hubana kamba za kitanda kwa vidole vya miguu, kipande cha kibuyu kikiwa katikati. Mwaka mmoja tu unatosha kuacha sugu kati ya kidole gumba na cha pili, na sugu hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia. Birago alitazama miguu yake, akamtazama baba yake. Akaenda akavaa viatu vya kanisani.

Mzee Nimo, mkuu wa banda, alikaa, akanywa maji, akaweka kikombe chini.

"Amoako, sisi si watoto. Kitanda humfuata mfumaji wake. Nani alikuwa anakikalia humu ndani?"

Twum alijikuna shingo. Uani Birago alikuwa akitwanga fufu ya mihogo na ndizi. Mchi ulisimama.

"Na huyu binti anatwanga na viatu vya kanisani," alisema mzee wa pili. "Harusi lini? Mbona hatujaalikwa?"

Walicheka. Amoako alifungua kinywa. Jina la binti yake lilikuwa juu ya ulimi, alilihisi hapo, chungu kama kipande cha kokwa ya kola.

"Kinafuata joto," alisema. "Humu ndani kilizoea moto wa jiko."

Mchi ulianza tena.

Wazee walikubaliana kwamba mti mkavu hupenda joto. Wiki iliyofuata walilibomoa jiko la Amoako, wakalijenga upya ubavuni mwa banda, viwili hivyo vikishiriki ukuta mmoja. Kitanda kiliingia bandani chenyewe, kikaegemea upande wa ukuta ule, na hakikutoka tena. Na kwa kuwa Birago sasa alikuwa karibu, alianza kuwapikia wafumaji wote kumi na wanne.

"Binti yako ametuletea amani," Mzee Nimo alimwambia Amoako.

Twum alisifiwa hadi Kumasi. Mchi ulipotwanga upande wa pili wa ukuta, mshindio, ule uzi wa kukatiza, ulipita wenyewe mikononi mwake na uzi haukukatika. Birago alipougua homa, Twum hakufuma hata shubiri moja, na wenzake walisema ni uchovu, apumzike.

Birago hakuvivua tena vile viatu. Hakuna aliyemwambia avivue. Kila asubuhi Amoako aliamka akiwa na nia ya kumwambia, na kila jioni nia ilikuwa pale pale.

Vitambaa vya Twum viliendelea kutoka na uzi wa kijani ukingoni. Twum aliapa hakuuweka, na alisema kweli. Aliletewa Amoako, naye akauchomoa. Donge la nyuzi alizoviringisha lilikua. Lilitoka chini ya kiti, likawa kubwa kama kiti chenyewe, na juu lilikuwa bapa kidogo, kama mahali pa kukalia.

Siku moja saa sita Birago alimletea baba yake chakula. Alitafuta mahali pa kuweka bakuli, akaliweka juu ya donge, akalitikisa kidogo kuona kama limekaa sawa.

"Kula, baba," alisema, "kabla hakijapoa."

Amoako alinawa mikono, akala.