Okidi za Chumba cha Jua

Katika nyumba ile, chumba chenye jua kililala maua, okidi za mama mkwe. Sisi watu tulilala upande wa bafu, kwenye chumba ambacho ukuta wake ulitoa ukungu mweusi hata ukiusugua kwa dawa, na mimi nilikuwa na mimba kubwa.

"Mama, mtoto akizaliwa atalala wapi?" mume wangu alimuuliza mama yake mezani. Swali hilo lilimchukua wiki nzima ya kujipa moyo.

"Na okidi zangu zitalala wapi?"

Alisema hivyo akitafuna. Kisha akanitazama mimi, si mwanawe. "Sikiliza, mkwe wangu. Naenda kwa wifi yako nikatibiwe macho. Nikirudi nikakuta okidi zangu ziko hai, nazihamishia sebuleni na chumba ni cha mjukuu. Nataka kuona kama una mkono wa kulea."

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Nikasema asante, mama. Nikairudia, mjinga mimi.

Hakuna aliyewahi kumwona akizimwagilia. Siku ya maji alifunga mlango, sisi tukasikia redio tu. Kwa hiyo asubuhi ya safari, mume wangu akiwa nje anapakia begi, nilimfuata chumbani nikamuuliza kazi inafanywaje.

"Kazi gani? Maji tu. Kila asubuhi jaza mpaka uyaone juu ya magome. Zikilegea, ujue zina kiu, ongeza."

Okidi zile hazikupandwa kwenye udongo. Zilisimama kwenye vipande vya magome ya mti, ndani ya vyungu vyeupe vya kauri, vizuri kama vyombo vya wageni. Nilifanya nilivyoambiwa. Hata chuoni, kwenye mtihani wa mwisho, sikuwahi kuwa makini vile. Nilibeba jagi mbele ya tumbo, nikajaza, nikafuta majani kwa kitambaa laini. Nikimaliza nilisimama katikati ya chumba nikipima kwa macho kitanda cha mtoto kitakaa wapi.

Baada ya muda majani yakaanza kulegea, yakaning'inia kama soksi zilizolowa. Nikapiga simu.

"Mama, zimelegea."

"Si unazinyima maji!"

"Sizinyimi, mama. Nikitia, yanasimama juu."

"Basi bado hazijashiba. Ongeza, mwanangu. Usiogope maji."

Nyuma yake nikamsikia wifi akiuliza, "Mama, mbona unacheka?" Simu ikakatwa.

Nikaongeza.

Siku nilipolishika jani moja ili nilifute, shina zima lilinifuata mkononi, laini kama kitunguu kilichooza, na harufu yake ikanipeleka mbio hadi kwenye sinki. Niliporudi nilikipindua chungu. Kumbe ndani ya kile cha kauri kulikuwa na kingine cha plastiki chenye matundu, na hicho cha kauri hakikuwa na tundu hata moja. Maji yote niliyotia tangu siku ya kwanza yalikuwa humo, yamevunda, na mizizi imezama ndani yake. Nilivipindua vyote. Nilikata mizizi iliyooza, nikaitandaza iliyobaki juu ya magazeti, nikalia kidogo, nikaacha kwa kuwa haikusaidia. Hakuna iliyopona.

Mama mkwe alirudi na miwani myeusi. Alisimama mlangoni mwa chumba, wala hakupaza sauti.

"Zote?"

"Mama, wewe ndiye uliyesema niongeze maji."

"Mimi?" Akamgeukia mwanawe. "Baba, hizi nimekaa nazo tangu marehemu baba yako yu hai. Leo nimfundishe mtu kuziua?"

Mume wangu akavitazama vyungu, akanitazama mimi. "Lakini kweli, mke wangu. Mama aue maua yake mwenyewe?"

Ningekuwa yeye, nami nisingeamini.

"Mtoto abaki huko huko upande wa bafu," mama mkwe alisema. "Mama yake anapenda maji."

Mume wangu alicheka. Kidogo, lakini alicheka.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa, na haukupita muda akaanza kukohoa. Mama mkwe alipoleta okidi mpya, mtoto bado alikuwa ananyonya. Safari hii aliuacha mlango wazi, akatuita.

"Njooni muone, nisisingiziwe tena." Akaichomoa okidi kutoka kwenye chungu cha nje, akaiweka kwenye beseni la maji. "Inakunywa. Ikishakunywa unaiinua, inachuruzika mpaka tone la mwisho, ndipo unairudisha. Tazameni mizizi. Ikiwa kijani imeshiba, muiache. Ikigeuka rangi ya majivu, hapo ndipo muipe tena."

"Na majani yakilegea, mama?" nikamuuliza.

Macho yake yalikuwa yamepona. Aliniangalia nayo bila kupepesa.

"Unaangalia mizizi kwanza. Wajinga wanakimbilia kuongeza maji, ndiyo maana wanaziua."

"Umesikia, mke wangu?" mume wangu akasema.

Kikohozi kikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe aliinua okidi yake, akaiacha ichuruzike juani.

"Nenda," aliniambia. "Mwanao huyo."